Mama Juge wa Albert Park

Siku yangu ya kwanza mahakamani mjini Durban, askari wa mlangoni alinionea huruma. Aliniona nimevaa gauni la bluu na kitambaa kichwani, nimebana mkoba kwapani, akadhani ni mmoja wa akina mama wanaofika asubuhi kuwatazama watoto wao waliolala rumande. Akanishika kiwiko kwa upole, akanipeleka hadi benchi la nyuma, akaniambia kwa Kizulu, "Kaa hapa, Ma. Wakimleta utamwona. Ila usilie kwa sauti, hakimu huyu hapendi kelele." Nikamshukuru, nikaketi. Niliona aibu kumwambia kwamba kiti changu kilikuwa kule mbele, mkono wa kushoto wa huyo hakimu asiyependa kelele.

Baadaye kidogo karani akatoka mlango wa pembeni akiuliza yuko wapi mzee wa baraza wa pili. Nikainuka kule nyuma, katikati ya akina mama wenye vitambaa kama mimi, nikasema, "Ni mimi." Yule askari alifumba macho. Tangu siku hiyo, mpaka alipohamishwa, kila nikiingia alinipigia saluti kubwa kama ya gwaride, na mimi nilimjibu, "Leo pia nimekuja kulia." Tulikuwa marafiki.

Ninyi vijana mtauliza mzee wa baraza ni nani, na mwanamke anakuwaje mzee. Kule kwetu Tanzania, hakimu wa mahakama ya mwanzo haketi peke yake. Hukaa na raia wawili wasiokuwa wanasheria, nao wanaitwa wazee wa baraza hata kama ni wanawake, hata kama hawajawa wazee. Mimi nilikuwa karani katika mahakama ya namna hiyo mjini Morogoro, na huko ndiko nilikoolewa na kijana wa Kizulu aliyekuwa ukimbizini kwa sababu ya siasa za kwao. Nchi yake ilipofunguka tukarudi naye Durban, mimi na yeye na binti yetu Nandi, tukapanga ghorofani Albert Park. Miaka michache baadaye, Afrika Kusini nayo ikaanza kuwaita raia waketi na mahakimu wake katika kesi za jinai. Mtaa uliombwa ulete jina la mtu unayemwamini.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa, Jumapili baada ya ibada. Walikuja Wazulu wauza matunda, Wakongo wa saluni na vibanda vya simu, Watanzania wenzangu, na wazee wa Kihindi wenye maduka. Katibu hakuuliza karatasi za mtu. Mama mmoja wa Kikongo, msusi aliyekuwa akinisuka nywele kila mwezi, Mama Furaha, ndiye aliyesimama akasema, "Huyu alifanyaka kazi ya tribunal kwao. Anajua Kiswahili yetu, anajua Kizulu yao, anajua Kiingereza ya bakubwa. Tumupe yeye." Mikono ikapanda. Kuanzia jioni ile, pale Albert Park sikuwa tena Mama Nandi. Nilikuwa Mama Juge, yaani Mama Hakimu kwa Kifaransa cha Wakongo.

Hakimu tuliyepangiwa alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye nyusi nyeupe zilizoota ovyo kama nyasi za kando ya reli. Sikio lake moja lilikuwa zito, kwa hiyo alikuwa akiinamia shahidi kwa upande mmoja, na wengi walidhani anawatilia shaka kumbe anajaribu kusikia tu. Ofisini kwake kulikuwa na chupa ya chai na kopo la biskuti zile ngumu ambazo huwezi kuzitafuna mpaka uzichovye. Asubuhi ile ya kwanza alitumiminia chai mwenyewe, mimi na mwenzangu, kisha akatueleza kazi.

"Sheria ni yangu," alisema. "Adhabu pia ni yangu. Lakini swali la nini kilitokea, nani alifanya, nani anasema kweli, hilo ni letu watatu, na kura zetu ni sawa. Mkiwa wawili upande mmoja na mimi upande wa pili, mmenishinda. Nitatoka pale nje nisome uamuzi wenu kwa sauti yangu, na hakuna atakayeona nimekunja uso."

"Imewahi kutokea?" akauliza mwenzangu.

"Bado," akasema hakimu, akachovya biskuti.

Huyo mwenzangu alikuwa Bwana Naidoo wa Sydenham, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyechaguliwa na mtaa wake kama mimi nilivyochaguliwa na wangu. Alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, na hakuweza kuacha ualimu. Shahidi akisema, "Mimi na yeye tulikuwa watatu," Bwana Naidoo alihema kwa uchungu kama aliyeona daftari limemwagikiwa wino. Saa ya chakula alifungua kikopo cha mchuzi wa maharage aliopika mkewe, akakata mkate, akanigawia nusu bila kuniuliza kama nina njaa. Nilikaa kando ya mtu yule miaka mingi kuliko nilivyokaa kando ya ndugu zangu wa kuzaliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ni kusikiliza. Mwendesha mashtaka, yaani wakili wa serikali, huleta mashahidi wake kwanza. Mshtakiwa husimama kizimbani, kile kiboma cha mbao, na mkalimani humnong'oneza kila neno kwa lugha yake. Sisi wazee wa baraza tulikaa kimya, tukiwa na swali tukamwomba hakimu ruhusa, tukauliza. Mwanzoni tulipewa kesi ndogo: simu iliyoporwa ufukweni, watu wawili waliopigana kwa chupa, bwana mmoja aliyeiba bata wa jirani na kudai kwamba bata ndiye aliyemfuata. Bwana Naidoo aliuliza, "Alikufuata mpaka ndani ya sufuria?" na hakimu akalazimika kushika leso na kujifanya anakohoa.

Baadaye Hakimu Mkuu, mkubwa wa jengo zima, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, alituita ofisini kwake. Akasema anatuhamishia chumba cha kesi nzito, pamoja na hakimu wetu. "Nimesikia mnacheka sana kule chini," alisema. "Huku juu hamtacheka." Alikuwa anatabasamu, lakini alisema kweli.

Sasa niwaambie kesi ya Selesteni, maana ndiyo watu wa pale wanayoniulizia hadi leo.

Selesteni alikuwa kinyozi, mume wa yule Mama Furaha aliyenisuka na kunipendekeza. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mpole, mtanashati, anayenyoa watu kwenye kibaraza huku akiimba. Jengo walilokaa lilikuwa na mlinzi wa Kizulu aliyeitwa Vusi. Huyo Vusi hakuna aliyempenda. Aliwaita wageni makwerekwere, tusi la huko kwa Waafrika waliotoka nje, mbele ya watoto wao. Aliwafungia lifti akina mama wenye mizigo. Nilikaa jengo la pili, lakini sifa zake zilivuka barabara.

Jioni moja umeme ulikatika mtaani. Selesteni alikuwa akipanda ngazi kurudi nyumbani na begi lake la mikasi. Kati ya ghorofa mbili akavamiwa na watu, wakampiga kwa bomba la chuma, wakamtukana, wakamwambia arudi kwao. Walimvunja mkono wa kulia, ule anaoshikia mkasi. Polisi walipomuuliza hospitalini ni nani, alisema ni Vusi na wenzake. Wenzake hawakujulikana. Vusi akakamatwa, na Albert Park ikafurahi. Nakumbuka mwanamke mmoja alipiga vigelegele pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, za kona, magari yamesimama, watu wanashangaa.

Kesi ilipoletwa chumba chetu nilikwenda kwa hakimu kabla hatujaanza. Nikamwambia kwamba mke wa mlalamikaji hunisuka nywele, na kwamba mshtakiwa nimesikia mabaya yake mengi. Hiyo ndiyo desturi ya kazi: ukimjua mtu wa kesi, unasema mapema, hakimu akuondoe au akubakize. Naye alitakiwa awaambie mawakili, akawaambia. Wakili wa Vusi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema hana pingamizi.

"Mama Mkhize," hakimu akaniuliza, kwa jina la mume wangu, "unaweza kuyaacha hayo nje ya mlango?"

"Nitajaribu, Mheshimiwa."

"Angesema 'naweza kabisa' ningemwondoa," akamwambia Bwana Naidoo.

Selesteni alitoa ushahidi vizuri. Mkono ulikuwa umeungwa ukakaa kombo, akauinua tukauona. Hakuongeza chumvi. Alisimulia bomba, matusi, harufu ya ngazi, jinsi mikasi ilivyotawanyika ikigonga sakafu. Ukumbi ulijaa watu wetu, wamekaa wamebanana, na kila nikiinua macho nilikutana na macho ya Mama Furaha. Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtu wako aliyeshika kamba ukiwa kisimani.

Kwa upande wake Vusi alisema jioni ile alikuwa Greyville, kwenye mbio za farasi. Utetezi wa namna hiyo, wa kusema sikuwepo, humtaka mtu awe na wa kumshuhudia. Alileta mama mchoma mahindi wa pale nje ya uwanja, ambaye alisema humwona Vusi mara kwa mara lakini siku yenyewe hawezi kuiapia. Vusi mwenyewe alijibu maswali kwa kiburi, akajichanganya, akamkasirikia mwendesha mashtaka. Nilimwona hakimu akiandika huku midomo imebana. Nilimjua tayari. Midomo ikibana, amekwisha kuamua.

Nikaomba ruhusa ya kuuliza. Nikamuuliza Selesteni kwa Kiingereza, mkalimani akamgeuzia, ingawa sote wawili tungeelewana bila yeye. Sheria inataka kila mtu chumbani asikie.

"Ngazini mlikuwa na mwanga wowote?"

Akanigeukia mimi, si mkalimani. "Courant ya umeme haikukuwa, mama."

"Basi uso wake uliuona wakati gani?"

Nakumbuka alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi kwa ule mkono mzima. "Minamujua, mama. Minajua namna anatutukanaka. Njo yeye. Nani mwingine?"

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, pamoja na lile swali la mwisho, likabaki linaning'inia.

Tulikwenda kujadiliana katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Hakimu hakumimina chai. Alisema anamwamini Selesteni kabisa, na kwamba Vusi alikuwa mwongo. Bwana Naidoo akasema hata yeye anamwamini Selesteni kabisa. Nikasema na mimi pia.

"Basi tumemaliza," akasema hakimu.

"Hatujamaliza," nikasema. "Namwamini kwamba alipigwa. Namwamini kwamba anaamini ni Vusi. Lakini hakumwona, Mheshimiwa. Amemjua kwa matusi, na matusi yale yanatukanwa na watu wengi katika mji huu. Mimi mwenyewe nimetukanwa hivyo hivyo na watu nisiowajua."

"Na uongo wa mshtakiwa?"

"Ni mwongo. Lakini uongo wake hauwashi taa pale ngazini."

Hakimu akasimama, akaenda dirishani. Alizungumza akiwa ametupa mgongo. Alisema amefanya kazi hii tangu akiwa kijana, kwamba pua yake inamwambia ni Vusi, na kwamba tukimwachia, yule kinyozi atarudi kuishi jengo moja naye. Kila alichosema kilinichoma kwa sababu na mimi nilikiwaza. Kisha akamgeukia Bwana Naidoo.

Bwana Naidoo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilipofundisha," alisema, "mtoto akiniletea jibu sahihi bila kuonyesha njia, sikumpa alama. Wazazi walinichukia sana. Nadhani jibu la Mheshimiwa huenda ni sahihi. Njia siioni."

Tulikuwa wawili kwa mmoja.

Hakimu alirudi ukumbini akasoma. Alieleza kwa utulivu kwamba mashtaka ya jinai lazima yathibitishwe mpaka isibaki shaka ya maana, kwamba mlalamikaji ni mtu mwaminifu aliyetendewa unyama, na kwamba mahakama haijaridhika kuwa mshtakiwa ndiye aliyeonekana. Hakusema kura zilikwendaje. Hakukunja uso. Lakini kila mtu wa Albert Park alikuwa amesikia maswali yangu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mama Furaha hakulia. Aliinuka, akamfunga mumewe vifungo vya koti kwa sababu mkono wake haukuweza, wakatoka.

Nilipotoka nje nilimkuta Vusi amesimama kwenye robot, anavuta sigara. Nilidhani, kwa upumbavu, kwamba pengine atasema asante. Akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa. "Hata wewe ni kwerekwere tu, Ma," akasema. Nikangoja taa igeuke kijani, nikavuka.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimezoea kusalimiwa tangu mlangoni hadi ghorofani. Sasa watu walikumbuka ghafla kwamba wameacha kitu nyumbani. Dukani maongezi yalikatika nikiingia. Ilisemwa nimehongwa; ilisemwa nimemwogopa Vusi; ilisemwa mume wangu ni Mzulu na damu ni damu. Nilikwenda saluni siku yangu ya kawaida, Mama Furaha akawa na wateja wengi, ingawa viti vilikuwa vitupu. Mwanamke yule hakunisuka tena maisha yangu yote. Ninasema hivyo bila kinyongo. Kila siku alikuwa akimfunga mumewe vifungo.

Jioni moja nilikaa jikoni nikalia. Mume wangu alikuwa anakula. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Morogoro, ambacho hakikuwahi kunyooka, "Sisi kule ukimbizini tulikuwa tunaota mahakama ya namna hii. Ulifikiri itakuwa ya watu tunapenda peke yao?"

"Nyamaza ule ugali wako," nikamwambia.

Akanyamaza akala. Kisha akaosha vyombo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Jumamosi moja Bwana Naidoo alipanda taxi kutoka Sydenham hadi kwetu, yeye na mkewe, wamebeba sufuria la mchuzi limefungwa kwa taulo. Hakuwa amewahi kufika kwetu. Alipita mapokezi ya jengo akiwa na tai, akanisalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake ili majirani wasikie, akakaa mpaka alasiri akimsaidia Nandi hesabu. Hatukuitaja kesi hata kidogo. Alipoondoka akasema, "Jumatatu tunaanza mapema," basi.

Muda wetu ulipokwisha, mtaa uliitwa tena kuchagua. Nilimwambia mume wangu siendi. Akanitolea lile gauni la bluu kabatini, akaliweka kitandani, akaenda kuningoja kwenye lifti. Nikaenda.

Ukumbi ulikuwa ule ule wa kanisa. Kijana mmoja Mtanzania, mchuuzi wa viatu, alisimama akasema kwa heshima tu kwamba mtu tuliyemtuma atulinde hakutulinda, na kwamba yeye anampendekeza mchungaji. Watu wakapiga makofi. Katibu akauliza kama kuna mwingine wa kusema. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Nikasikia kiti kinaburuzwa, na nilipoinua uso alikuwa amesimama Selesteni.

"Tuelewane," alisema. "Mimi sijamusamehe huyu mama. Mukono yangu iko hivi, makasi haishike vizuri. Na mimi minajua ni Vusi, hata leo minajua." Akaugeukia ukumbi. "Lakini kule kwetu, kaka yangu mukubwa, basoldats, baaskari, balimubeba. Jirani alisema ni yeye alificha bunduki. Kaka alisema hapana. Bakasema, kama si wewe, nani mwingine? Hakuna mutu aliuliza swali hata moja. Hatukumuonaka tena."

Akanielekeza mimi kwa kidevu.

"Huyu mama alijua mimi ni mutu wake. Alijua bibi yangu, Mama Furaha, alimusimamia hapa hapa. Na akaniuliza tu mbele ya bantu bote. Minamukasirikia. Lakini kama kesho Vusi atanisingizia mimi, na mimi nasimama pale ndani ya mbao, minataka nani akae kule juu? Mchungaji ni mutu muzuri, atanionea huruma. Mimi minataka mwenye atauliza."

Akainua mkono. Aliinua ule uliokaa kombo, haukufika juu sana.

Mikono ilihesabiwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza watu walibishana. Nilipita kwa tofauti ndogo sana. Mama Furaha alikuwa amekunja yake kifuani, hakuinua kwa yeyote. Yule mchuuzi wa viatu alikuja kunipa mkono, akasema, "Shikamoo Mama Juge," nikamwitikia, "Marahaba."

Niliendelea na kazi hiyo mpaka macho yaliposhindwa kusoma maandishi ya vielelezo, yaani zile karatasi na picha zinazoletwa mahakamani kama ushahidi. Katika miaka ya mwisho nilipewa kazi ya kuwafundisha wazee wa baraza wapya. Niliwaambia mambo ya kawaida: msinywe maji mengi asubuhi, msimtazame jamaa wa mshtakiwa wakati hukumu inasomwa, mkishindwa kusikia semeni. Wapo walioniuliza namna ya kujua nani mwongo. Niliwaambia sikuwahi kujua. Nimewaona wakweli wanatetemeka na waongo wanalia machozi ya kweli. Bwana Naidoo alifariki kabla sijastaafu. Tulimzika siku ya mvua, na wanafunzi wake wa zamani walijaa barabara nzima mpaka taxi zikapita njia nyingine. Vusi aliondoka Durban, sijui alikokwenda. Wale waliompiga Selesteni, kama hakuwa yeye, hawakupatikana kamwe.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumtembelea hakimu wetu. Alikuwa katika nyumba ya kulea wazee, kwenye kilima, ambako nyani wadogo huja kuiba mikate mezani na wauguzi huwafukuza kwa ufagio. Masikio yote mawili yalikuwa mazito sasa. Ilinibidi nikae karibu sana na nizungumze kama ninayemwita mtu ng'ambo ya mto. Alinifurahia. Aliuliza habari za Nandi, akaniuliza kama nimewahi kula tena maharage kama yale ya mke wa Naidoo. Tukacheka habari za bata.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza tulipokuwa kazini.

"Mheshimiwa, yule mlinzi wa ngazini. Bado unaamini ni yeye?"

Hakuhitaji kukumbushwa ni nani. "Ndiyo," akasema. "Nadhani mlikosea."

"Huenda," nikasema. "Mimi mpaka leo sijui."

Akatazama nje, kwenye nyasi. Nilidhani amesahau tulichokuwa tunazungumza, kama wazee wanavyosahau. Lakini akarudi.

"Ningekuwa peke yangu siku ile ningemfunga, Mama Mkhize," alisema. "Miaka mingi. Na ningekwenda nyumbani nikalala usingizi mzuri kabisa." Nyusi zake zile zikakutana. "Nilikaa peke yangu kwenye kiti kile muda mrefu sana kabla hamjaja. Siku hizi nawafikiria wale niliowafunga zamani hizo, nikiwa na hakika."

Muuguzi alipita, nikamwomba atuletee chai, na nilibaki nimeushika mkono wa mzee yule hadi alipokuja mtu kuniambia muda wa wageni umekwisha.